Kutoka Kimara Hadi Ipogolo: Safari ya Kutafuta Chanzo cha Injini Kuchemsha

Injini ya petroli hutoa joto jingi kuliko nguvu, kwa kuwa katika kila lita inayoungua ni kati ya robo na theluthi tu ya nishati inayogeuka kuwa mwendo, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kwa eksozi au hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya kuta za injini. Gari linaposemwa kuwa linachemsha, maana yake ni kwamba maji hayo yameshindwa kuliondoa joto kwa kasi ileile linavyozalishwa. Lakini dalili hiyo moja huletwa na magonjwa mengi, na fundi anayelitazama gari likiwa limeegeshwa gerejini huwa na ushahidi mdogo mno wa kuyatofautisha. Barabara ndefu hutoa ushahidi huo, kwa sababu kila kipande chake huitaka injini ifanye kazi kwa namna tofauti, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, yenye foleni, tambarare ya joto na mlima mkali katika umbali wa takriban kilomita 500, inafaa kwa uchunguzi huo kuliko nyingi nyingine.

Gari lililofanya safari hii lilikuwa Toyota Starlet ya miaka ya 1990 yenye injini ya 4E-FE ya sentimita za ujazo 1,331, ambayo bloku yake ni ya chuma na silinda hedi yake ni ya alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto, na kwa hiyo injini ikizidiwa, hedi huweza kupinda na kuiharibu gasketi, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi na bloku ili maji, oili na gesi visichanganyike. Hatari hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi wa simulizi hii, ambaye ndiye aliyekuwa akiliendesha, asitosheke na mazoea ya kubeba madumu ya maji na kuongeza kila penye mlima, kwa kuwa gari hilo lilikuwa likichemsha kwenye mlima wa Kitonga na si mahali pengine.

Kabla ya safari ilibidi themostati irudishwe, kwa sababu gereji moja ilikuwa imeiondoa kama tiba. Themostati ni mlango mdogo unaojifungua kwa joto lenyewe, katika injini nyingi za aina hii kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi, na kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto unaofaa. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kupita kiasi kwenye tambarare, hula mafuta zaidi, na mshale wa joto hushuka kiasi cha kumpa mwenye gari faraja ya uongo, huku ubovu halisi ukisubiri mlima. Desturi hiyo imeenea sana katika gereji za Afrika Mashariki na inastahili kuachwa, kwani inakiondoa kifaa kizima na kukiacha kibovu mahali pake.

Kutoka Kimara, jijini Dar es Salaam, hadi Kibaha foleni ilikuwa nzito, na gari lililosimama halipati upepo wowote isipokuwa ule unaovutwa na feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia humwelekeza mchunguzi kwenye feni, fyuzi yake, relei yake au swichi ya joto inayoiamuru. Na katika Toyota nyingi za kipindi hicho ukichomoa waya wa swichi hiyo huku swichi kuu ikiwa imewashwa, feni inapaswa kuzunguka papo hapo, jambo linaloupa uchunguzi jibu bila kifaa chochote. Katika safari hii feni iliwaka na kuzima kwa vipindi, mshale ukabaki katikati, na kwa hiyo sehemu hiyo yote ya mfumo ikawekwa kando.

Baada ya Chalinze barabara hunyooka kuelekea Morogoro na mwendo huongezeka, na hapo upepo unaoingia mbele ya gari hutosha hata feni ikiwa imekufa. Joto linalopanda katika hali hiyo haliwezi kulaumiwa kwa ukosefu wa upepo, na hubaki kuelezwa na upungufu wa maji, na pampu isiyoyasukuma vizuri, na mpira wa chini wa rejeta unaobonyea kwa nguvu ya uvutaji, au na rejeta iliyoziba. Mshale ulipanda kidogo sana kwenye mwendo mkubwa, kisha ukarudi kila ekseleta ilipolegezwa. Mabadiliko madogo kama hayo hupuuzwa na madereva wengi, ingawa geji za magari haya hazikutengenezwa kuonyesha nyuzi halisi, na mshale unapoanza kuondoka mahali ulipozoea kukaa, joto huwa limekwisha kubadilika kwa kiasi kikubwa. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo hupunguzwa kwa ajili ya wanyama, hapakuwa na jipya.

Jibu lilianza kuonekana baada ya Ruaha Mbuyuni, katika bonde lenye joto na mibuyu, ambapo barabara huacha mto na kuanza kupanda Kitonga. Hapo gari hupanda kwa gia ya pili nyuma ya malori yaliyojaa shehena, injini ikichoma mafuta mengi huku upepo wa mbele ukiwa mdogo, na rejeta hudaiwa uwezo wake wote. Mshale ulipopita katikati na kuendelea, hita ya ndani ya gari ilifunguliwa hadi mwisho na feni yake ikawashwa, kwa sababu hita ni rejeta ndogo inayopitiwa na maji yaleyale. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto mkali, na mshale ukasita. Ushahidi huo ulikuwa na uzito kuliko wote uliotangulia: maji yangekuwa pungufu, au pampu ingekuwa haisukumi, hita ingepuliza hewa ya baridi wakati mshale ukipanda, ilhali hapa maji yalikuwapo na yalikuwa yakizunguka, ila rejeta kubwa haikuwa ikiyapoza ipasavyo.

Kileleni gari liliegeshwa, injini ikaachwa iungurume taratibu ili pampu na feni ziendelee kufanya kazi, kwani hapakuwa na mvuke uliotoka. Ungetoka, ingebidi izimwe mara moja. Mfuniko wa rejeta haukuguswa. Mfuniko huo una springi inayoyaweka maji kwenye shinikizo la takriban baa 0.9 juu ya lile la hewa ya nje, na kwa shinikizo hilo maji ya kawaida huchemka karibu na nyuzi 119 pwani badala ya 100, kwa hiyo anayeufungua wakati wa moto huyaachia maji yachemke ghafla na kumrukia usoni. Iringa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na gari lenye springi iliyochoka linaweza kuvumilia Dar es Salaam kwa miezi kisha likamwaga maji yake yote nyanda za juu.

Asubuhi mjini Iringa, injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko ulifunguliwa na injini ikawashwa ili gasketi ichunguzwe kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi. Hapakuwa na mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta, na oili haikuwa na rangi ya maziwa. Injini ilipopata moto ikazimwa, na fundi mmoja wa hapo mjini akapitisha kiganja polepole juu ya uso wa rejeta: pembeni palikuwa pa moto, na katikati kuelekea chini palikuwa na eneo pana lililopoa, yaani vijia ambavyo maji hayapiti tena. Vilizibwa na magamba ya chokaa na kutu, matokeo ya miaka mingi ya kujazwa maji ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi, badala ya kulanti, kimiminika chenye dawa ya kuzuia kutu.

Rejeta hiyo ilikuwa ya shaba, na kwa hiyo fundi aliweza kulifungua tenki lake la juu kwa moto, akapitisha ufito katika kila kijia, kisha akalilehemu tena. Ingekuwa ya alumini yenye matenki ya plastiki, kuibadilisha kungekuwa na akili zaidi. Ilijazwa kulanti huku hita ikiwa wazi na injini ikiunguruma ili hewa yote itoke, ukawekwa mfuniko mpya, na gari likashushwa hadi Ipogolo na kupandishwa tena mjini kwa gia ya pili. Mshale haukuondoka katikati, na themostati ikabaki mahali pake.