Betri Moja, Walaji Wawili

Benaco, katika kata ya Kasulo wilayani Ngara, palipokuwa na kambi ya wakimbizi mwaka 1994, hupita magari yaendayo Rusumo. Katika gari la volti 12 betri moja hulisha walaji wawili: stata yenye ulafi, na chipu ndogo iongozayo kifaa cha kuonyesha lilipo gari. Stata huweza kuvuta ampea 200. Ukinzani wa ndani wa betri iliyochakaa ukifikia omu 0.03, volti 6 hupotea, zikabaki 6. Chipu itakayo volti 5, kwa kirekebisha kinachodai 7, huzimia na kusahau kazi yake.

Dawa si kumnyima mwenye nguvu. Daiodi huruhusu umeme uingie, ikauzuia kurudi. Kapasita huweka akiba ya kitambo kidogo. Na nyaya za mnyonge huanzia kwenye betri yenyewe. Mnyonge haombi kingi; aomba asikatizwe.