Nyumba moja, kila mtu na joto lake

Hapa Maskati, ukimwambia mtu kwamba unajenga, hakawii kukuuliza: "Na AC mnaweka za aina gani?" Swali hilo lina haki yake. Mwezi wa Juni kipimajoto kupita nyuzi 40 si habari. Mji wa Quriyat, ulio ndani ya mkoa huu huu wa Maskati, uliingia kwenye rekodi za dunia Juni 2018, pale joto lilipokaa saa 24 nzima bila kushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku na mchana vikawa kitu kimoja.

Sisi kiwanja chetu kiko Al Amerat, nyuma ya milima, ambako upepo wa bahari unafika umechoka. Mawe yanakula jua mchana kutwa na usiku yanalitoa. Tutaishi watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu. Mimi ni muuguzi. Diploma niliipata Unguja, shahada nikaifuata Malaysia, na ndoa ndiyo iliyonileta huku. Mama mkwe alizaliwa Unguja vilevile, akarudi Oman miaka ya sabini akiwa msichana, na Kiswahili ndicho anachotugombezea.

Kwa nyumba kama yetu kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kiyoyozi cha ukutani kila chumba, kila kimoja na mashine yake nje. Ya pili ni mashine kubwa iliyofichwa darini, inayosukuma hewa baridi kupitia dakti mpaka kila chumba. Mume wangu aliipenda hii ya pili kwa sababu dari linakaa safi na kelele ni chache. Ila mashine ya namna hiyo ikiwa na swichi moja tu, nyumba nzima inapoa au nyumba nzima inaungua. Ndiyo maana watu wanagawa kanda. Ndani ya dakti hutiwa vilango vinavyofunguka na kufunga kwa umeme, na kila ukanda ukapewa kidhibiti chake ukutani. Chumba kisicho na mtu unakifungia hewa.

Mhandisi alituletea ramani yenye kanda nne, amezigawa kwa ukubwa wa vyumba. Mimi nikachukua karatasi nikafanya kama tunavyofanya wodini: nani yuko wapi, saa ngapi, na hali yake ikoje. Mimi nikitoka zamu ya usiku ninalala saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, jua likiwa kali. Watoto wako shule saa hizo. Majlisi ina watu Ijumaa na siku za sikukuu, siku nyingine imefungwa. Mama yuko nyumbani saa zote, chumba chake chini, karibu na choo.

Kwenye ramani ya mhandisi, chumba cha Mama kilikuwa ukanda mmoja na majlisi. Hapo ndipo nilipokataa.

Mama ana miaka sabini na kitu, ana presha, na kati ya vidonge vyake kimo kinachotoa maji mwilini. Mtu wa umri wake kiu haimjii kama inavyotujia sisi, na jasho limepungua. Juu ya hayo, baridi ya mashine inamuuma magoti. Kwenye nyumba tunayopanga sasa, kila usiku akizima. Kiangazi kilichopita niliingia chumbani kwake alfajiri nikamkuta midomo imekauka, mapigo yanakwenda mbio, ananiita kwa jina la dada yake. Tulimpeleka hospitali, akatundikiwa maji, jioni akarudi akiwa anatania. Tangu siku hiyo mimi sipangi kiyoyozi kama mtu anayepanga mapazia.

Nilimuuliza mwenyewe anataka nini. Akanijibu: "Mwanangu, mimi sikatai ubaridi. Nakataa kupigwa nao. Na nakataa kumwomba mtu kila saa anipunguzie."

Ndani ya maneno hayo mna mambo mawili ya ufundi. Hewa isimwagike juu ya kitanda, na kidhibiti kiwe mkononi mwake. Mhandisi alisema hayo ni mepesi. Kazi ilikuja kwenye swali la tatu, ambalo ningependa kila anayejenga aliulize: usiku, ikibaki chumba kimoja tu wazi, hewa ya mashine nzima inakwenda wapi?

Mashine kubwa haiwezi kupumua kupitia tundu moja dogo. Dakti zinaanza kuvuma, hewa inayopita kwenye koili inapungua, na koili inaweza kuganda barafu. Dawa yake ni mashine za inveta zinazoweza kushusha nguvu, na kuiachia kila mashine sehemu isiyofungwa kabisa.

Basi tukaacha mpango wa mashine moja kubwa. Tumechukua mbili ndogo, ya chini na ya juu, zote za inveta. Chini kuna ukanda wa Mama na ukanda wa sebule, na ile sehemu isiyofungwa ni ukumbi mwembamba wa kwendea choo. Mzee akiamka usiku hatoki kwenye ubaridi akaingia kwenye tanuri huku ana usingizi. Juu, chumba chetu kina ukanda wake na watoto wana wao, ngazini ndiko hewa inakobaki wazi. Majlisi tumeitoa kabisa kwenye dakti, ina viyoyozi vyake vya ukutani, vinawashwa wageni wakija.

Kutenga juu na chini kumenifurahisha kwa sababu nyingine. Hewa ya dakti inarudi kwenye mashine, inachanganyika, halafu inagawiwa tena. Hospitali hatuchanganyi hewa ya chumba cha kutenga wagonjwa na ya wodi. Nyumbani hatuwezi kufika huko, maana wajukuu wanamlalia bibi mapajani mchana kutwa, lakini angalau kikohozi cha shule hakitalala chumba kimoja na yeye.

Mashine mbili zilizidi bajeti. Mume wangu alikuwa ameshachagua marumaru ya kupamba mbele ya nyumba. Tulizungumza siku tatu. Alisema watu huiona nyumba kwa mbele. Nikamwambia mama yake ataishi ndani. Marumaru imesubiri. Na umeme nao una hesabu yake: tangu 2021 ruzuku imepangwa upya, na bei ya uniti inapanda kwa ngazi kadiri unavyotumia. Kupoza majlisi tupu Julai nzima ni kujipandisha ngazi kwa miguu yako mwenyewe.

Kwa anayejenga, angalia pia haya kabla dari la jipsamu halijafungwa. Mlango wa kufikia chujio uwe mkubwa, kwa sababu chujio lisilofikika halisafishwi. Milango ya vyumba iachiwe nafasi chini, au chumba kiwe na njia ya kurudishia hewa. Dakti zifungwe vizuri kwa kizuia joto, la sivyo zitatoka jasho na dari litaota ukungu. Bomba la maji ya mashine liwe na mteremko. Na mwambie mhandisi nani anaishi ndani, umri wake na saa zake, kabla hujamwonyesha mita za mraba.

Wiki iliyopita mafundi waliweka alama ya kidhibiti cha Mama ukutani. Walikuwa wameipima kwa kimo chao. Nimewaomba waishushe, pembeni ya kitanda, aifikie akiwa amekaa.