Gari la Joginder na Peugeot ya Baba

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa nyumbani, Mishamo, na mnaoijua barabara ya kutoka Mpanda wakati wa masika mtanisamehe.

Kilichonipeleka ni ada ya mdogo wangu. Nyuma ya nyumba yetu, chini ya mwembe, imelala Peugeot 404 pikapu ya Baba. Ina miaka tisa haijatembea, na kuku wanatagia humo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa tayari kuichukua kwa kilo. Basi mimi, msomi wa familia, nikaenda kumshawishi mzee.

Baba hakukasirika. Aliniuliza tu: "Unamjua Joginder?"

Hadithi hiyo alipewa na fundi aliyemfundisha kazi. Joginder Singh, naye fundi, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Enzi hizo Safari Rally ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, tope na vumbi kwa maelfu ya kilomita. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ya mtumba. Timu ya kiwanda ilikuwa imeshalikimbiza gari hilo na kumalizana nalo. Wao wakashinda nalo. Joginder akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, mtu wa kwanza kufikisha mara tatu. Alifariki 2013.

"Na hiyo 404 unayoiita chuma nayo ilishinda," akaongeza. Nimeangalia, ni kweli: 1966 na 1967 alishinda nayo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam.

Nilitaka kumwambia kwamba ushindi wa 1967 haulipi ada ya mwaka huu. Nikanyamaza. Baba alitoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa Bibi. Akakulia Mishamo tangu ikiwa pori linalogawiwa wakimbizi, na cheti cha uraia amekipata akiwa na mvi. Pikapu aliinunua ikiwa imechoka, akaifufua, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowapeleka wajawazito kituo cha afya usiku. Mama anasema nusura nizaliwe humo.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani. "Ada ni ada, mwanangu. Tutauza. Ila si kwa kilo. Mtafute fundi."

Nimempata mmoja Mpanda, anataka kuifufua. Analipa pungufu ya yule wa kilo, tena kwa awamu mbili. Pengo nitaliziba kwa mshahara wa mwandishi wa habari, na mnajua ulivyo.

Mwenye kabureta ya 404 aniandikie, tafadhali.