Hatua za Ajida

Juma lililopita, tukiwa matangani kwa Ajida, pikapu ya polisi ilifika na vijana wakaruka kabla haijasimama, mbio, bunduki mkononi. Walikuja kutoa pole tu. Akina mama walikuwa wameshakunja mikeka na kuvuta watoto. Wanangu, nani aliwafundisha kuingia hivyo kwa watu?

Mimi ni mtoto wa Nyakasanza, hapa Bunia. Mbio za mita 400 zilinifikisha jandarmeri mwaka 1988. 1997 tukapewa jina jipya, polisi. Ajida ndiye aliyetufundisha mbio na kazi. Hakuchoka kumtaja John Akii-Bua, polisi wa Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Albert, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82. Alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani, yenye kona kali kuliko zote. "Njia hiyo unawaona wote wako mbele," alisema Ajida. "Usitishwe na migongo yao."

Penye kundi la watu alitukataza kabisa kukimbia. Polisi akikimbia, watu wanakimbia. Watu wakikimbia, kuna askari atafyatua. Siku moja soko kuu, mwizi wa baiskeli amezingirwa, mawe yako juu. Ajida alivua kofia, akaenda polepole, akasimama kwa mama wa sombe na kuuliza bei. Akanunua mafungu mawili. Watu wakageuka kumtazama. Alipofika katikati, sombe kwapani, mikono ilikuwa imeshuka. Mkubwa mmoja aliandika kwamba huo ni uoga. Yeye hakuwahi kusimama mbele ya jiwe.

Kutembea huko ndiko kulikonipa kura za ubunge wa jimbo Desemba 2018: Mudzi Pela hadi Nyakasanza kwa miguu, mlango kwa mlango. Mei 2021 utawala wa kijeshi ukaanza Ituri, bunge la jimbo likasimamishwa, nikarudi nyumbani.

Ila jambo moja halikuisha kati yetu. Mwaka uliofuata vita ya 2003, soko lile lile, kijana mwingine. Nilitembea kama nilivyofundishwa. Nikamkuta amekwisha kufa, sandali moja mguuni, nyingine mbali kwenye matope. Nikamwambia Ajida: kwa miguu yangu hii, ningekimbia ningemkuta hai.

"Ungekimbia, ungewakuta wawili."

Tumebishana hivyo miaka yote, hadi kitandani mwake. Bado nasema ningemkuta hai.