Nani Atakayerusha Taulo?



Katika kila pambano la ngumi kipo kitu kimoja kidogo ambacho watazamaji wengi hawakiangalii kabisa. Si mkanda wa ubingwa, wala glovu, wala kengele. Ni taulo. Hukaa begani mwa mtu wa kona, hutumika kumfuta bondia jasho na damu kati ya raundi na raundi; na kwa desturi ya siku nyingi ya mchezo huo, taulo likirushwa ulingoni maana yake ni moja tu: inatosha, mtu wetu asipigwe tena. Juma hili napenda tulitafakari taulo hilo, kwa maana nadhani linatuhusu sana sisi tunaokaa vitini.

Mimi ni mpenzi wa ngumi wa miaka mingi. Huku kwetu Newala, juu ya uwanda wa Makonde, sifa za mabondia zilitufikia kwa redio muda mrefu kabla ya kuwaona kwa macho. Tulisimuliwa na wakubwa wetu habari za Titus Simba, aliyerudi na medali ya fedha kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, baada ya kushindwa katika fainali na Mwingereza John Conteh. Tukashangilia mwaka 1998, Michael Yombayomba alipotwaa dhahabu Kuala Lumpur. Tukabishana juu ya Rashid Matumla, kisha juu ya Francis Cheka wa Morogoro. Na tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyekuwa ameitwa kwa taarifa fupi, akamshinda Mwingereza Sam Eggington huko Birmingham katika raundi ya pili. Mchezo huu umewainua vijana ambao vinginevyo hakuna ambaye angewajua, na hilo sitalikana.

Lakini kushangilia mtoto wa mwenzio ni jambo moja, na kuombwa ruhusa na mtoto wa nyumbani kwako ni jambo jingine. Mwaka 2022 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alitaka kuingia katika ngumi za kulipwa. Alikuwa na umri wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na alikuwa akifanya mazoezi Masasi pamoja na wenzake kwa gunia la mchanga lililoning'inizwa kwenye mwembe. Alitaka kwenda Dar es Salaam. Mama yake hakukubali wala hakukataa, alimwambia tu, "Kamuulize mjomba wako." Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba kwa desturi ya Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Neno hilo ni heshima, lakini pia ni mzigo.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia, "Mjomba, twende kwanza tukaangalie pamoja, tukae karibu, tusitazame kwenye simu." Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Tulipopata nafasi tulishuka Masasi, tukapanda basi linalopita Tunduru, tukaenda Songea. Tarehe 30 Julai 2022, katika Uwanja wa Majimaji, Karim Mandonga alikuwa akipigana na Shaban Kaoneka.

Wengi wenu mnamfahamu Mandonga, yule anayejiita Mtu Kazi. Kabla ya pambano alikuwa amejigamba kwa maneno ambayo nchi nzima iliyapenda. Baridi ya Songea ya mwezi wa Julai si ya mchezo, lakini watu walijaa, na kelele zao ziliniinua kitini mara kadhaa. Aliyemwona bondia kwenye picha tu hajui sauti ya ngumi inayotua mbavuni. Hajui jinsi pumzi inavyomtoka mtu, wala jinsi miguu inavyoanza kusahau kazi yake kabla mwenyewe hajakubali. Kaoneka alimzidi, mwamuzi akasimamisha pambano, na Mandonga akawa ameshindwa.

Hapo ndipo uwanja ulipocheka. Sisemi kwamba walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa watu wema waliolipa kiingilio chao. Mtu aliyetamba sana alikuwa ameanguka, na binadamu hupenda kicheko cha namna hiyo. Nilipomgeukia mpwa wangu niliona hacheki. Alikuwa akitazama kona ya aliyeshindwa. Akaniuliza, "Mjomba, wale wanaomfuta uso ni ndugu zake?"

Nilimjibu kwamba sijui. Swali hilo tulirudi nalo njia nzima, Songea hadi Tunduru, Tunduru hadi Masasi, na kupanda tena hadi Newala.

Alichouliza kijana yule ni swali la zamani. Agostino wa Hippo, mwandishi wa Kiafrika wa karne ya 4 na ya 5, anasimulia katika kitabu chake cha Maungamo habari za rafiki yake Alipio. Akiwa Roma, Alipio alivutwa na wenzake hadi kwenye uwanja wa mapigano ya kuuana. Aliapa kwamba mwili wake ungekaa pale, lakini macho yake angeyafumba. Kisha mpiganaji mmoja akaanguka, umati ukapiga ukelele mkubwa, na Alipio akafumbua macho. Tangu dakika ile hakuwa tena mtu aliyeletwa na wenzake. Alikuwa mmoja wa umati, akipiga kelele kama wao. Angalieni, wapendwa, kwamba hakushindwa na damu kwanza. Alishindwa na sauti ya wenzake. Mtazamaji hudhani kwamba yeye hafanyi kitu, kumbe sauti yake ni sehemu ya pambano.

Ngumi za leo si mapigano ya Roma. Zina mwamuzi, daktari, uzito uliopimwa, na kanuni. Hata hivyo tukumbuke kanuni hizo zilinunuliwa kwa bei gani. Tarehe 13 Novemba 1982, huko Las Vegas, bondia Duk Koo Kim wa Korea Kusini aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14, akafariki dunia siku chache baadaye. Ni baada ya kifo hicho baraza la ngumi la WBC lilipopunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Wala tusiende mbali: mwishoni mwa mwaka 2024 bondia wetu Hassan Mgaya alifariki dunia Dar es Salaam baada ya kupigwa katika pambano. Wanaosema kwamba ni mchezo tu waliseme neno hilo taratibu mbele ya mama wa bondia.

Vijana wetu sasa wanatazama pia kwenye simu zao yale mapigano mchanganyiko, ambamo watu hupigana ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Mashindano ya UFC yalianzia Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, yakiwa na masharti machache mno, na masharti mengine yakaongezwa baadaye. Wazee wengi huyaona ya kikatili kuliko ngumi. Lakini ndani yake mna jambo moja ambalo nalipenda. Mpiganaji aliyebanwa shingo au kukunjwa mkono anaweza kugonga kwa kiganja, mara mbili au tatu, na papo hapo pambano linakwisha. Kugonga hakumfanyi aitwe mwoga. Kesho yake anarudi mazoezini akiwa na mkono wake mzima.

Katika ngumi bondia hana ishara iliyozoeleka namna hiyo. Fahari yake inamkataza kuacha, na umati unamkataza zaidi. Mtu aliyepigwa kichwani, tena, ndiye wa mwisho kujua kwamba amepigwa vya kutosha. Ndiyo maana taulo halikuwekwa mkononi mwake, bali mkononi mwa mtu anayempenda kuliko anavyoupenda ushindi. Kama mtu huyo hayupo, taulo ni kitambaa tu cha kufutia jasho.

Tazameni yaliyofuata kwa Mandonga. Kushindwa kule Songea hakukumzima. Ndiko kulikomfanya ajulikane nchi nzima. Januari 2023 alikwenda Nairobi, akamshinda Mkenya Daniel Wanyonyi, akawapa watu jina la ngumi yake, Sugunyo, hata watoto wetu wa Newala wakawa wanalitaja njiani. Kisha Julai 2023 akapanda ulingoni mara mbili ndani ya mwezi mmoja, Nairobi na Mwanza, akapoteza mapambano yote mawili, ndipo kamisheni ya ngumi za kulipwa ikamsimamisha apimwe afya. Simlaumu yeye, mtu anatafuta riziki yake. Ninachouliza ni juu yetu. Tulicheka alipotamba, tukacheka alipoanguka, tukataka apande tena. Kati yetu sote tuliocheka, nani alikuwa na taulo begani?

Huku kwetu jambo hili si geni. Kijana anapokwenda jandoni anapelekwa kwenye maumivu, na kila mtu anajua hivyo. Lakini haachwi peke yake. Yupo mtu mzima aliyekabidhiwa kumtunza, anayelala karibu naye, anayejua jeraha lake limefikia wapi, na ambaye ukoo utamdai mtoto huyo. Ngoma na vinyago vya mapiko huja baadaye, wakati wa furaha, mtoto akiwa amerudi salama. Wazee wetu hawakuogopa kumjaribu kijana. Walichoogopa ni kumjaribu kijana asiye na mtu.

Kwa hiyo nilimwita mpwa wangu mbele ya mama yake, nikampa jibu. Sikumkataza, kwa kuwa ngumi nazipenda na yeye ana kipaji. Nilimwambia aanze na ngumi za ridhaa kabla ya kufikiria za kulipwa. Nilimwambia apimwe hospitalini kabla ya kila pambano na baada yake. La tatu nikamwambia, "Niletee mtu atakayesimama kwenye kona yako. Nataka nimwone, nizungumze naye, nimuulize kama ataweza kurusha taulo wakati wewe mwenyewe unamkataza na watu elfu moja wanamzomea. Ukimpata, nenda na baraka zangu. Usipompata, jembe lipo na mikorosho ipo."

Dada yangu alinyamaza, kisha akauliza, "Na wewe kaka, ukiwa umekaa kule kwa watazamaji, utapiga kelele gani?"

Nilimwambia kwamba nitashangilia ngumi safi kwa nguvu zangu zote, na taulo likirushwa nitasimama na kulipigia makofi hilo nalo. Nawaombeni nanyi, ndugu wasomaji, mtakapokwenda kutazama pambano, iwe Masasi, iwe Mtwara, iwe Dar es Salaam, mfanye vivyo hivyo. Mzomeeni mwamuzi akichelewa kusimamisha pambano, kamwe msimzomee akiwahi.

Nawatakieni juma jema.