Kaki ya Madaftari ya Kaka

Mwezi mmoja kabla ya mahafali ya darasa la awali, binti yangu alirudi na kikaratasi cha mahitaji: joho, taji na mchango wa chakula. Joho tuliazima kwa jirani. Mchango niliutoa kwa kuuza debe la mpunga, na ghalani hayakuwa yamebaki mengi. Taji ndilo lililonishinda. La kukodi kwa siku moja lilikuwa shilingi elfu nane.

"Mama, mwalimu alisema hata la karatasi linafaa," akaniambia. "Na mkufu wake."

Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, mifuko ya kaki imekuwa mingi madukani, nami hukunja na kuiweka. Nikaitoa yote. Mingi ilikuwa na madoa ya mafuta, gundi haishiki. Nikamwambia asubiri gulio.

Hakusubiri. Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta amekaa sakafuni, sanduku la bati liko wazi, madaftari ya kaka yake yametapakaa. Alikuwa anayavua majalada.

Mzazi mwenzangu, lile sanduku halifunguliwi nyumbani kwangu. Kijana wangu aliacha shule akiwa kidato cha tatu, akavuka kwenda machimboni Chunya. Yale majalada ya kaki niliyakata na kuyafunga mimi mwenyewe usiku kwa taa ya sola, moja baada ya jingine, akiwa ameshika gundi. Juu yake kuna mwandiko wake: jina, kidato, Kemia, Jiografia. Nilinyanyua mkono. Sikumpiga, lakini mkono alikuwa ameshauona.

Akasema, "Mama, si hayatumiki?"

Nilikosa la kumjibu. Nikakaa chini nikamsaidia kuvua yaliyobaki.

Shanga za karatasi nilizijua kwa dada mmoja aliyekuja na mkufu kutoka Kampala. Kule, katika mtaa wa Acholi Quarters, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wamezitengeneza kwa miaka mingi, na zinauzwa hadi Ulaya na Marekani. Hazina siri kubwa. Unakata kaki vipande virefu vya pembetatu, urefu kama sentimita 30, kitako sentimita mbili. Unaanza kuviringisha upande mpana kwenye njiti ya fagio la chelewa, unakaza, na ile ncha nyembamba unaimalizia na gundi katikati. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Ukilegeza mkono, shanga inatoka kama konokono. Za kwanza kumi zilitoka hivyo.

Bangili tulikata duara kwenye chupa ya maji, tukaizungushia kaki tabaka tatu. Taji ni ukanda uliokunjwa mara mbili, tukaupima kichwani, tukabandika shanga zilizokuwa mbovu. Hilo lilikuwa wazo lake.

Kosa langu lilikuwa kuharakisha. Huku bondeni si Sumbawanga mjini, ambako watu wanashinda na sweta. Ukishamaliza kuteremka ule mlima, joto linakupokea. Alivaa mkufu kujaribu, akaruka kamba na wenzake, akarudi shingo ina mistari ya buluu ya wino wa kaka yake, na shanga zimelainika kama ugali wa jana. Alilia sana. Nusu ya kazi ikaenda.

Fundi seremala wa jirani akatupa vanishi kidogo kwenye kizibo. Zilizobaki tukazichomeka kwenye njiti, tukazipaka mara mbili, tukaziacha kivulini siku mbili mpaka harufu ikaisha. Kama una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, ziweke mbali naye, vanishi si ya kulamba. Baada ya hapo jasho halikuziweza tena.

Siku ya mahafali mkufu wake ulikuwa mfupi kuliko tulivyopanga. Kwenye shanga moja ya mbele yalisomeka herufi tatu, "Kem". Mama mmoja akaniuliza nilinunua wapi.

Kijana hupiga simu kwa nadra, akipanda mahali penye mtandao. Alipopiga jioni ile mdogo wake aliniwahi simu. "Kaka, nimevaa Kemia yako!" Nikamsikia anacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu aondoke. Kisha nikapewa simu, akawa kimya kidogo.

"Mama, na madaftari yenyewe mmekata?"

"Hapana. Tumevua majalada tu. Yamerudi sandukuni."

"La Hisabati lipo?"

"Lipo."

"Hilo lisiguswe," akasema, na salio likakatika.