Tairi la Mbele

Nilikuwa na miezi saba tu kwenye karakana ya ndege pale Arusha, na tayari nilijiona najua kila kitu.

Usiku nilitazama video za marubani wa Alaska. Wanarusha Piper Super Cub zenye matairi ya inchi 31, laini, yenye upepo kidogo, yanayopita juu ya mawe ya kando ya mito kama yanapita juu ya godoro. Tairi pana linagawa uzito kwenye eneo kubwa, kwa hiyo halizami. Fizikia ya sekondari hiyo. Asubuhi nikiinama chini ya Cessna 206 yetu, nilionea aibu miguu yake. Nyuma 6.00-6, yaani upana wa kama inchi 6 juu ya rimu ya inchi 6. Mbele 5.00-5, kitairi cha toroli.

Ndege ile ilikuwa ikienda viwanja vya nyasi vya magharibi mwa Serengeti, ambako ardhi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu. Ukilowa unanata, unapanda, unajaza kila uwazi. Vifuniko vya matairi tulishavitoa zamani, maana tope likijaa ndani gurudumu linakabwa. Hayo niliyajua kwa kuambiwa. Kiwanja chenyewe sikuwahi kukikanyaga.

Tairi kubwa lina bei yake hata baada ya kulilipia: linaongeza uzito na linapunguza mwendo angani. Bosi aliyakubali hayo. Alichokataa ni bei ya mbele. Kwa 206, tairi la 8.00-6 linaingia kwenye rimu ileile ya nyuma, na breki zilezile. Lakini 6.00-6 la mbele linataka rimu nyingine na uma mpana zaidi wa kulishika. Akanunua mawili ya nyuma, la mbele tungeliangalia msimu ujao.

Mzee, fundi wetu mkuu, aligoma kutia saini.

“Hii ni seti,” alisema. “Ukiinua nyuma peke yake, ndege inainamisha pua, propela inasogelea ardhi. Na hilo la mbele litaendelea kuchimba kama jembe.”

Nilimjibu mbele ya watu. Nilisema nusu ni afadhali kuliko kukosa kabisa, nikamtajia Alaska. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

“Super Cub gurudumu lake la tatu liko mkiani, mwanangu. Letu liko puani.”

Alipokwenda likizo, bosi alipata saini kwingine. Matairi niliyafunga mimi.

Wiki ya pili mvua ilinyesha usiku kucha. Rubani, dada mmoja aliyetuzidi sisi vijana kwa miaka michache tu, alitua vizuri, bila abiria, na masanduku ya vyakula vya kambi. Ndege ilipokuwa inapunguza mwendo pua ikazama. Propela ikapiga ardhi. Yeye alitoka mzima. Injini, hata kama ingewaka, ilibidi ifunguliwe yote ikaguliwe. Propela ikigonga namna ile, huwezi kujua ndani kumevunjika nini.

Nilisafiri na Mzee kwa Land Rover. Njiani bosi alinipigia simu: kwenye ripoti niandike kwamba rubani alikanyaga breki kwa nguvu. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Mzee alikuwa kwenye usukani, nadhani alisikia.

Alama zilikuwa bado pale, zimekauka kama zimechongwa. Za matairi ya nyuma zilikuwa pana na za juu juu, moja kila upande, hazikukwaruza kama za gurudumu lililofungwa breki. Katikati ulikuwa mfereji. Mwanzoni mwembamba, kisha unazidi kushuka, hadi pale propela ilipokata udongo vipande. Mzee alichuchumaa, hakusema neno. Nilitoa rula. Nyuma, inchi mbili. Mbele rula ilizama, nikapima kwa mkono: ulimeza kiganja chote na kifundo.

Yule dada alikuwa amekaa chini ya bawa, miguu wazi, viatu vyake vimefunikwa tope kavu. “Sikugusa breki,” aliniambia kabla sijamuuliza. Inaonekana na yeye alikuwa amepigiwa simu.

Niliandikia juu ya boneti. Vipimo vyote viwili, saizi za matairi, tarehe ya kuyafunga. Mahali pa jina la aliyefunga niliweka langu, herufi kubwa. Nikampa Mzee asome. Alivaa miwani yake, akasoma taratibu hadi mwisho, akanirudishia.

“Umeandika inchi tu,” alisema. “Weka na sentimita.”